Dakika Kumi na Moja za Mizani ya Mbale

Isabirye, fundi aliyerithi dawati langu hapa Jinja, aliniomba jambo dogo wiki niliyostaafu. Alitaka nimwandikie maneno ya kazi yetu ya saa za mtandao kwa Kiswahili chepesi, ili mafundi wapya kutoka pande zote mbili za mpaka wapate kitu kimoja cha kusoma. Nilimwambia ni kurasa mbili tu, atazipata Ijumaa. Ijumaa nne zimepita. Kila neno ninalolishika linanirudisha kwenye chumba kimoja cha bohari yetu ya Mbale na kwa mwanamke mmoja aliyekuwa karani wa mizani pale. Kwa hiyo, Isabirye na wenzako, maneno mtayapata, ila yamechanganyika na aibu yangu. Nimejaribu kuvitenganisha nimeshindwa.

Mimi ni Mbukusu wa Malakisi, upande wa Kenya. Nilikuja Jinja nikiwa kijana kufanya kazi katika kampuni ya kusaga unga, nikapanga chumba Mpumudde. Asubuhi ya kwanza niliagiza chapati mbili kwa Kiswahili changu cha nyumbani. Mama muuzaji aliniita afande, akanipa tatu, akakataa kunitazama usoni. Nilichukua wiki nzima kuelewa kwamba huku lugha yangu walikuwa wameizoea midomoni mwa watu wenye bunduki. Tangu hapo nilijifunza kuagiza chapati kwa Kilusoga kibovu, na zikarudi kuwa mbili.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jaswant, Singasinga mzaliwa wa Jinja, mwenye kilemba cha buluu na hasira za karibu. Chumba chake cha mawasiliano kilikuwa na modemu mbili nene kama Biblia, saa ya ukutani, redio, na daftari la jalada gumu. Kila siku ikikaribia saa nne aliwasha redio. Milio ya kutangaza saa ilipoanza alisimama wima kidole kikiwa kwenye kitufe, utadhani wimbo wa taifa unapigwa. Mlio wa mwisho ukilia anabonyeza, anasoma, anaandika: saa yetu mbele sekunde mbili, au nyuma sekunde tatu. Nilimuuliza siku ya kwanza kwa nini asiirekebishe tu akaachana na kuandika. Akanijibu, "Wewe rekebisha bila kuandika, kesho nani jua ilikuwa naharibika? Kichwa yako si daftari."

Hapo ndipo nilipopata maneno mawili ya kwanza. Umbali kati ya saa yako na saa ya kweli tunauita tofauti. Ile tabia ya saa kuongeza au kupoteza kidogo kidogo kila siku tunaiita kuhama. Tofauti inaonekana leo, kuhama kunaonekana ukisoma kurasa za nyuma. Ndiyo maana Mzee Jaswant alikuwa na sheria moja ya daftari ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja mbele yake. Hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia jina lako. Mara moja nilitumia rangi nyeupe ya kufutia, akanikwangulisha ukurasa ule kwa wembe hadi chakula cha mchana.

Mtandao ulipokuja, redio ikastaafu kabla yetu. Sasa kompyuta iliuliza saa kwa kompyuta nyingine. Inafanyika hivi: mashine yako inatuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, na inakumbuka ilikituma saa ngapi. Seva inakipokea, inaandika ilikipokea saa ngapi na ilijibu saa ngapi. Jibu likifika, mashine yako inajua safari nzima ilichukua muda gani. Huo tunauita ucheleweshaji. Inaugawa nusu kwa nusu, kwenda na kurudi, kisha inapata tofauti yake. Kama safari zinabadilika badilika, leo haraka, dakika ijayo polepole, huo ni mtikisiko, na ukizidi usiamini jibu lolote. Kwenye njia yetu ya Jinja kwenda Mbale mtikisiko ulitutesa msimu mzima, mpaka tulipopanda mnara wetu wa Budondo tukaona mikaratusi ya jirani imekua ikaziba njia ya mawimbi. Mwenye mikaratusi alitusikiliza kwa adabu. Alisema miti yake haina habari na kompyuta, na matawi yaliondoka baada ya Mzee Jaswant kunywa naye chai mara tatu.

Kwa sababu ya njia hiyo tuliamua Mbale iwe na kipokezi chake cha setilaiti, chenye antena juu ya paa la bohari, isitegemee Jinja. Naomba msome polepole hapa, maana neno linalofuata ndilo lenye dhambi yangu. Ni tabaka. Saa za setilaiti ziko tabaka la sifuri. Kipokezi kinachozisikiliza moja kwa moja ni tabaka la kwanza. Kompyuta inayouliza kipokezi ni la pili, na kuendelea. Mashine ikipoteza setilaiti, inaanza kwenda kwa kukisia, na hiyo tunaiita kujishikilia. Ikiwa imewekwa vizuri inawaambia wenzake wazi kwamba sasa inakisia, nao wanaiacha wanatafuta nyingine. Nimefanya kazi na watu wengi na sijaona wengi wenye uungwana huo. Mimi mwenyewe simo.

Mizani ya Mbale ilikuwa ya Nambozo. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenyeji wa pale, anayekaa Nkoma na binti yake aliyekuwa sekondari. Lori la mahindi likiingia, linapanda mizani, Nambozo anabonyeza, karatasi inatoka na uzito na saa. Tulielewana haraka kwa sababu Kibukusu changu na Kimasaba chake ni ndugu. Hata hivyo kazini tulizungumza Kiswahili, kwa sababu madereva karibu wote walikuwa Wakenya na yeye hakupenda wafikiri anawasengenya. Alikuwa na redio ndogo dirishani. Alikuwa pia mwandishi wa kikundi cha akina mama kanisani kwake, na kalamu ya kikundi aliitofautisha na kalamu ya kampuni kwa uzi mwekundu.

Mwaka mmoja walibadilisha mabati ya bohari. Mafundi wa paa waliukata waya wa antena, kwao ni waya tu. Taa ya kipokezi ikageuka kutoka kijani ikawa ya njano, na kompyuta ya mizani ikaanza kuchapa onyo kwenye kila karatasi kwamba saa haiaminiki. Madereva wakagoma kupokea karatasi zenye onyo. Nilikwenda Mbale. Sikuwa na waya wa urefu ule, na badala ya kukubali karatasi ziwe na onyo siku chache, nilifanya jambo ambalo fundi wa saa tu ndiye anayeweza kulifanya. Niliiandikia mashine amri iendelee kujitangaza kuwa tabaka la kwanza hata bila setilaiti. Onyo likatoweka. Ile taa ya njano, kwa kuwa wakubwa wakipita huuliza kila taa, niliifunika kwa kipande cha plasta cheusi.

Nilijiambia ni ya wiki moja. Waya mpya ulifika Jinja wiki ileile, bunda zima, nikaliweka chini ya meza yangu. Lilikuwa na kimo kizuri. Nikawa naweka miguu juu yake. Mzee Jaswant alikuwa amestaafu, anaumwa, lakini aliendelea kunipigia simu kuuliza habari za mashine kama mtu anavyouliza wajukuu. Aliniuliza kama antena ya Mbale imerudi. Nikamwambia imerudi. Alifariki akiamini hivyo, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama kumsifu.

Kile ambacho sikukijua, kwa sababu sikukagua, ni kwamba betri ya ndani ya kipokezi ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, saa ilikuwa inalala. Umeme ukirudi, inaendelea pale ilipoachia, kwa utulivu, kama vile hakuna dakika zilizopita. Umeme wa Mbale mnaujua. Dakika mbili leo, dakika moja keshokutwa, na mashine ikiendelea kumwambia kila aliyeuliza kwamba yenyewe imetoka kuongea na setilaiti sasa hivi.

Nambozo alinipigia simu asubuhi moja. Nakumbuka nilikuwa nakula ndizi. Alisema saa ya mizani inabaki nyuma ya redio, na kwamba amechunguza siku tatu kabla ya kunisumbua. Fundi yeyote anapaswa kupiga magoti akipata karani wa namna hiyo. Mimi, niliyefundishwa kazi mbele ya redio, nilimwambia redio ndiyo inayokosea, mama, mashine inachukua saa mbinguni. Akacheka, akaomba radhi kwa kunipotezea muda. Miguu yangu ilikuwa juu ya bunda la waya.

Baada ya hapo kampuni ilifunga kamera getini Mbale. Waliozifunga ni watu wengine, wakaziunganisha na seva ya Jinja, ambayo saa yake ilikuwa sahihi. Mwezi uleule magunia yalianza kupungua yakifika Jinja, na mkuu wa ulinzi, askari mstaafu ambaye wote tulimwita Afande, akaketi kulinganisha picha za kamera na karatasi za mizani. Akagundua kwamba Nambozo alikuwa anapima malori kabla hayajaingia getini. Lori baada ya lori, siku baada ya siku. Kwake maana ilikuwa moja tu: uzito unatungwa kichwani, karatasi inachapwa mapema, na lori linakuja kuchukua uongo uliokwisha kuiva. Mtu mtulivu angejiuliza kwa nini karani mwizi akosee kwa kiasi kilekile kila mara. Waliokuwa watulivu kikaoni walinigeukia mimi, fundi wa saa, niliyeitwa kutoka Jinja kwa ajili ya swali hilo moja.

Kikao kilikuwa asubuhi, katika ofisi ya bohari. Nambozo alikaa mbele ya meza, mkoba mapajani. Afande alimsomea: kamera inasema gari limeingia saa nne na nusu, karatasi inasema limepimwa saa nne na dakika ishirini na mbili.

"Afande, mimi napima lori iko juu ya mizani," alisema. "Lori haiko, mimi napima nini?"

Afande akanigeukia. "Bwana Wekesa, wewe ndiyo fundi. Hii saa ya mashine naweza danganya?"

Nilijua. Sitaki kuwaambia kwamba nilikuwa na shaka tu, maana hilo ndilo nililojiambia kwa miaka. Mara niliposikia lori limepimwa kabla ya kuingia, nilikiona kile kipande cha plasta kana kwamba kimebandikwa kwenye kipaji cha uso wa Afande. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu. Nikawaza waya chini ya meza, Mzee Jaswant, jina langu.

"Saa yetu inatoka setilaiti, afande," nikasema.

Nambozo alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka amekosea wapi. Hakutaja redio. Nilikaa nikisubiri aitaje, hakuitaja, na wakamwandikia barua ya kufukuzwa palepale.

Kutoka ofisini nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mashine. Nikabandua plasta. Njano. Nikaweka simu yangu kando ya kioo cha kipokezi: nyuma dakika kumi na moja. Kupitia dirisha nilimwona Nambozo bado yuko getini, mkoba mkononi na redio chini ya kwapa, anasubiri boda boda. Zilikuwa hatua thelathini, labda arobaini. Boda ilichelewa kuja, niseme ukweli wote, ilichelewa sana. Nilikuwa na nafasi ya kutembea, si kukimbia.

Kuna njia mbili za kurekebisha saa. Unaweza kuivuta, yaani kuifanya iende haraka kidogo mpaka ifikie ukweli bila mtu kupoteza sekunde yoyote katika kumbukumbu. Au unaweza kuirusha, mara moja, kutoka ilipo hadi inapopaswa kuwa. Kurusha kunaacha pengo, na mwenye kujua kusoma ataliona, ndiyo maana huruhusiwi kurusha bila kuandika. Mimi nilirusha. Nikaondoa ile amri yangu. Wiki ileile nikarudi na bunda la waya nikaunga antena, kazi ya saa mbili. Na kwenye daftari la Mbale niliandika: imekaguliwa, sawa. Nikatia jina.

Magunia yaliendelea kupungua baada ya Nambozo kuondoka. Ilikuja kujulikana yalikuwa yanashushwa njiani, na waliohusika waliondoka kimya kimya. Hakuna aliyefungua tena jalada la karani wa mizani, na mimi sikumkumbusha mtu.

Nyinyi mnanijua kutoka miaka iliyofuata. Mliniita Baba Sekunde. Nilikuwa nakagua taa zote kwa kidole, nilipiga marufuku plasta katika vyumba vya mashine, na mkadhani ni ukali wa uzee. Niliwaagiza kila kituo kiwe na vyanzo vinne vya saa, ili kimoja kikipotoka vingine vikikatae. Ni agizo zuri, lishikeni. Lakini sikulitoa kwa hekima. Nililitoa kwa sababu nilijua mahali palipokuwa na chanzo kimoja, na kwamba fundi wake alikuwa mimi. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani yenye maandishi "Hakuwahi kukosea". Niliipeleka nyumbani ikiwa imefungwa. Bado imefungwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbale. Sikupata taabu kumpata. Boda wa Nkoma walimjua kama mama anayepikia wanafunzi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nywele zimekuwa nyeupe. Alinikaribisha kwa jina, akaniletea kiti, akauliza habari za Malakisi. Nikamwambia yote kwa mfululizo, taa, plasta, amri, waya chini ya meza, dakika kumi na moja. Mikono yake iliendelea na maharage.

Nilipomaliza nilimuuliza kwa nini siku ile hakutaja redio.

"Wewe ulisema redio ndiyo inakosea," akasema. "Mimi niliamini. Nikitoka pale nilifikiri labda ni kweli, labda kichwa yangu ndiyo inapima magari haiko. Miaka mingi, Bwana Wekesa. Hata kanisani waliponiondoa kwa kazi ya kuandika, sikubisha. Nilisema labda wameona kitu mimi sioni."

Nimezeeka nikiogopa aniite mwongo. Sikuwahi kufikiria kwamba alikuwa ameniamini. Nililia, na kulia kwangu kulinitia aibu zaidi, kwa sababu ni yeye aliyelazimika kunyanyuka kunipa maji.

Nikamwambia nitaandikia kampuni, nitasimama kanisani, popote atakapotaka. Alisema hayo tutayafanya, ila kwanza aliita upande wa jikoni. Binti yake akatoka, sasa mwanamke mzima, mikono ina unga. Mama akamwambia, "Keti. Huyu bwana anarudia." Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu huyu alikuwa akiitwa mtoto wa mwizi shuleni wakati mimi nafunga waya mpya kwa ustadi. Alisikiliza amesimama. Aliniuliza swali moja tu, niligundua kosa siku ngapi baada ya mama yake kufukuzwa.

"Alikuwa bado yuko getini," nikasema.

Akarudi jikoni. Mama yake hakumwita. Tulibaki sisi wawili na yale maharage, naye hakusema amenisamehe, wala mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Barua kwa kampuni imekwenda, na jina langu liko juu ya jina la Nambozo kama alivyotaka mwenyewe. Jumapili ijayo nitasimama kanisani kwake. Kabla ya hapo nilimwomba Isabirye anifungulie kabati la madaftari ya zamani. Daftari la Mbale lipo, rafu ya chini. Mtakaposoma ukurasa ule mtaona maneno "imekaguliwa, sawa" yamepitishwa mstari mmoja, bado yanasomeka. Pembeni yake kuna wino mpya: Saa ya mizani ilikuwa nyuma dakika kumi na moja. Karani aliripoti. Fundi alijua. Chini yake kuna jina langu.